Maji, Meli na Wazee Watatu: Kumsoma Kinjeketile kwa Jicho la Somo la Historia

Ukichukua tahakiki 10 za tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, zile tunazoandika sisi wanafunzi na hata baadhi ya zile zilizomo katika vitabu vya mwongozo vinavyouzwa mitaani, utakuta karibu zote zimejengwa kwa mtindo mmoja. Mhakiki anaanza na utangulizi, anaingia katika maudhui, anataja dhamira za umoja, ukombozi na imani, kisha anahamia kwenye fani, anaorodhesha tamathali za semi, anafunga. Mahali fulani huko mwanzoni anakuwa amepachika aya moja anayoiita “usuli wa kihistoria”. Aya hiyo ndiyo inayonikera, na ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya.

Aya yenyewe inajulikana. Inasema kwamba mwaka 1905 wananchi wa kusini mwa Tanganyika, wakiwa wamechoshwa na kodi na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, waliungana chini ya kiongozi wao Kinjeketile Ngwale wakaupinga ukoloni wa Kijerumani kwa nguvu ya maji. Basi. Baada ya hapo historia imekwisha, sasa tuhakiki. Sisemi kwamba aya hiyo ni uongo. Ninachosema ni kwamba hakuna anayeuliza ilitoka wapi. Inanakiliwa tu kutoka daftari hadi daftari, na mimi mwenyewe nimeinakili, mara ya kwanza kidato cha sita na mara ya pili mwaka wa kwanza hapa chuoni, na mara zote mbili nikapata alama nzuri.

Naomba msomaji anivumilie nianzie nyumbani, kwa sababu bila nyumbani hoja yangu haitaeleweka. Mimi ni mtu wa Itungi, Kyela, kule ambako mto Kiwira unaingia Ziwa Nyasa. Nilipokuwa mdogo, jambo kubwa pale bandarini lilikuwa kuingia kwa meli. Kulikuwa na MV Songea na MV Iringa. Tulikimbia kuzipokea, tukawatazama watu wakishuka na mizigo yao kutoka Mbamba Bay, na akina mama wa kwetu wakiwauzia ndizi na wali. Jina Songea lilikuwa kwangu jina la meli. Baadaye nikajua kuwa ni jina la mji. Nimefika Chuo Kikuu ndipo nikaelewa kwamba kabla ya meli na kabla ya mji kulikuwa na mtu, Nduna Songea Mbano wa Wangoni, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1906 pamoja na viongozi wenzake kwa kosa la kupigana vita hivyohivyo vya Maji Maji. Miaka yote ile nilikuwa nashangilia jina la shujaa likiingia bandarini, nami sina habari!

Sasa sikiliza hili. Nikiwa sekondari nilimuuliza babu yangu kama sisi Wanyakyusa tulipigana Maji Maji. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la jirani. “Ile ilikuwa ya Wangoni, huko,” akasema, akanyosha mkono upande wa Milima ya Livingstone. “Sisi tulikuwa tumeshapigwa.” Nikaona mzee amesahau. Kitabu cha shule kilisema Watanganyika waliungana, na babu hakuwa na kitabu. Kwenye mtihani nikaandika cha kitabu. Kumbe babu alikuwa sahihi kuliko mimi: watu wa kwetu walikwishapambana na Wajerumani mwaka 1897 wakashindwa, na vita vya 1905 vilipowaka, upande wetu haukuinuka. Nilikuwa na shahidi ndani ya nyumba, nikamfukuza kwa sababu hakukubaliana na karatasi.

Hapa chuoni ninasoma Fasihi, na Historia ni somo langu la pili. Wenzangu wa Fasihi hunitania kwamba nimejitwika mzigo wa kukariri tarehe, na nyumbani wanauliza kazi yake ni nini, maana mtu wa historia hajengi daraja wala hatibu mtu. Nilidhani hivyo hata mimi. Lakini semina ya kwanza haikuwa na tarehe hata moja. Tulipewa maelezo mawili ya tukio moja, hayakubaliani, na mwalimu akatuuliza maswali matatu: nani kasema, alijuaje, na alimwambia nani? Nikacheka moyoni. Nikasema haya si ndiyo yale yetu ya msimulizi, mtazamo na hadhira? Nikajiona nimefika.

Sikuwa nimefika. Tofauti ni kubwa, na ilinichukua karibu muhula mzima kuiona. Katika Fasihi tunapomkuta msimulizi asiyeaminika tunafurahi. Tunaandika kurasa 5 juu ya ufundi wa mwandishi. Katika Historia msimulizi asiyeaminika ni tatizo la kutatuliwa. Lazima uamue: hapa namwamini, hapa simwamini, na hii ndiyo sababu. Kisha lazima uandike sentensi inayolingana na ushahidi ulio nao, isiyozidi hata kidogo. Mwalimu wetu alikuwa akizungushia duara jekundu maneno kama “wote”, “daima” na “tangu zamani”. Insha yangu ya kwanza ilirudi ikiwa na maduara mengi kuliko vituo.

Turudi kwa Kinjeketile. Aya yetu ya usuli ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ilitoka palepale Mlimani. Idara ya Historia ya Dar es Salaam ilijengwa katika miaka ya 1960 na watu kama Terence Ranger, aliyefika mwaka 1963, pamoja na John Iliffe, Isaria Kimambo, Arnold Temu na Gilbert Gwassa. Taifa lilikuwa changa na vitabu vilivyokuwapo vilikuwa vya wakoloni, ambamo Mwafrika hakuwa na historia ila ile aliyofanyiwa. Wanahistoria hawa wakaamua kwenda kwa wazee. Mwaka 1968 ulifanyika mradi mkubwa wa utafiti wa Maji Maji, na jambo ambalo sisi wanafunzi wa leo tunapaswa kulikumbuka ni kwamba kazi kubwa ya kukusanya masimulizi ilifanywa na wanafunzi wa shahada ya kwanza. Watu wa umri wetu! Walikwenda vijijini, wengine katika wilaya zao wenyewe, wakakaa na wazee, wakauliza, wakaandika.

Mtu aliyekuwa na miaka 10 vita vilipoanza alikuwa na miaka 73 mwaka 1968. Wangechelewa miaka 15 tu, wengi wa mashahidi hao wangekuwa kaburini. Kwa hiyo mimi siwadharau hata chembe. Bila wao tusingejua jinsi watu wa Matumbi walivyong'oa pamba kule Nandete mwishoni mwa Julai 1905, wala tusingekuwa na sauti nyingi za Waafrika za kuzipima dhidi ya ripoti za Gavana von Götzen. Tazama hata suala la waliokufa: hesabu rasmi ya Wajerumani ilikuwa watu 75,000, lakini Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto kwa makusudi. Pengo hilo si la hesabu tu. Ni pengo la nani alihesabu, na nani alikuwa na sababu ya kutohesabu.

Lakini maswali yale matatu hayabagui. Tukiwauliza wakoloni lazima tuwaulize na wazee. Wazee wa 1968 walikuwa wamepitia nini kati ya 1905 na siku ile mwanafunzi alipobisha hodi? Walikuwa wamepitia TANU. Nyerere mwenyewe, akizungumza Umoja wa Mataifa mwaka 1956, alivitaja vita vya Maji Maji kama dalili kwamba watu hawakukubali kutawaliwa. Katika mikutano ya kudai uhuru, Maji Maji ilihubiriwa kama mwanzo wa umoja wa taifa. Je, mzee anayemweleza kijana wa chuo mwaka 1968 kwamba “tuliungana” anakumbuka mwaka 1905, au anakumbuka mkutano wa hadhara wa 1958? Inawezekana vyote viwili. Ndiyo maana kazi ni ngumu.

Ni katika hewa hiyohiyo, katika chuo hichohicho, Hussein aliichapisha tamthilia yake mwaka 1969. Na hapa ndipo wahakiki wetu wanapoteleza vibaya. Wanamsoma Hussein kana kwamba aliichukua historia ya idara ile akaivika mazungumzo tu. Mwandishi mwenyewe alitahadharisha katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wa jukwaani si yule wa historia, ni kiumbe cha ubunifu. Tahadhari hiyo tunainukuu, halafu tunaisahau ukurasa unaofuata.

Wacha nitoe mfano mmoja, ambao kwangu ndio kiini cha mambo. Kinjeketile wa historia alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Hesabu siku. Vita vilikuwa na wiki moja hivi. Shambulio kubwa la boma la Mahenge lilikuja mwishoni mwa Agosti. Wangoni waliingia vitani baadaye kabisa. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa sana ya vita vya Maji Maji ilipiganwa na watu ambao hawakumwona Kinjeketile, wengine pengine hata jina lake hawakulijua, na yeye alikwishakufa. Maji yalisambazwa na wajumbe, kila mjumbe na maneno yake, kila mahali na sababu zake.

Lakini kwenye tamthilia Kinjeketile haondoki mapema hivyo. Hussein amemweka hai mpaka watu wamekwishashindwa, mpaka bunduki zimekwishaonyesha kwamba maji ni maji. Anakaa kifungoni pamoja na Kitunda, anatakiwa akanushe, aseme hadharani kuwa maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Mtu asiyejua tarehe ya Mohoro anaisoma sehemu hii kama taarifa: ndivyo ilivyokuwa. Anayeijua anashtuka. Mwandishi amemnyima mhusika wake kifo cha mapema kwa makusudi kabisa, ili amlazimishe ayaone matokeo ya neno lake. Huo ndio uamuzi mkubwa wa kisanaa katika kazi nzima, mkubwa kuliko takriri na tashibiha zote tunazozihesabu, na hauonekani mpaka uweke kalenda pembeni ya kitabu.

Ukishaliona hilo mengine yanafunguka. Kwa nini Kinjeketile wa Hussein ana shaka? Anapozinduka na kuambiwa kwamba katika kupandisha kwake alitamka kuwa watu wa nchi watakuwa watoto wa Seyyid Said, anagutuka: tutoke kwa bwana mmoja twende kwa bwana mwingine? Anaanza kuliogopa neno alilolisema mwenyewe. Lakini neno limekwishatoka. Watu wamelichukua, wamelipeleka, wamelipa maana yao, na mwenye neno hana tena mamlaka nalo. Wahakiki wanasema hapa dhamira ni “imani za kishirikina zinavyodumaza mapambano”. La hasha! Mimi naona ni tamthilia juu ya jambo lilelile waliloshughulika nalo wanafunzi wa 1968 na madaftari yao: nini kinalipata neno likitoka kinywani mwa mtu, likapita kwa watu 100, likafika kwa mjukuu. Wakati jirani zake wa Idara ya Historia wakikusanya maneno ya wazee ili wajenge umoja wa taifa, Hussein aliandika mchezo unaouliza kama neno linaweza kubaki lile lile njiani. Alikuwa anabishana nao, ingawa kwa heshima. Na hata pale mwishoni Kinjeketile anapokataa kukanusha, hasemi kwamba neno ni kweli. Anachokipima ni vizazi vijavyo vitaambiwa nini. Huyu ni mtu anayejua kwamba yeye mwenyewe amekuwa chanzo, kwa maana ileile ya semina yetu.

Kuna shahidi mwingine ambaye hatumtaki. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga Utenzi wa Vita vya Maji Maji mwaka 1912, Mjerumani akiwa bado ametawala. Ni kazi ya fasihi, ni ya Kiswahili, na iko karibu na tukio kwa miaka 57 zaidi kuliko ile ya Hussein. Kwa nini basi haipo kwenye silabasi? Nadhani ni kwa sababu haitufurahishi. Mtunzi ni mtu wa pwani, anawatazama waasi kama watu waliopotoka. Tukikutana na shahidi wa namna hiyo, sisi wa Fasihi tuna uhuru wa kumwita kibaraka na kufunga kitabu. Wa Historia hana uhuru huo. Inambidi akae naye. Na ukikaa naye unagundua kwamba dharau yake yenyewe ni ushahidi: inakuonyesha kwamba mwaka 1905 kati ya mtu wa mjini pwani na mtu wa bara hapakuwa na huo umoja tunaouimba, na kwamba kulikuwa na Waafrika wenye elimu na ufasaha ambao waliona vita hivi ni maafa. Ukaribu wa shahidi na tukio haumfanyi mkweli, na umbali haumfanyi mwongo. Lazima wote waletwe barazani.

Historia yenyewe haikusimama mwaka 1968. Mwaka 1981 Temu na Bonaventure Swai waliandika kitabu kizima kuikosoa ile historia ya kizalendo, wakisema ilishangilia viongozi na kusahau matabaka na uchumi. Mwaka 1997 Thaddeus Sunseri aliandika juu ya Uzaramo, akaonyesha njaa, nguruwe waharibifu wa mashamba, na wanawake waliobaki na jembe wanaume walipoondolewa vijijini. Mwaka uliofuata Jamie Monson aliangalia Nyanda za Juu za Kusini, karibu kabisa na kwetu, akaeleza kwamba nani alipigana na nani hakupigana kulitegemea sana ugomvi na urafiki wa nyuma baina ya watawala wa huko: Merere wa Usangu alikuwa upande wa Wajerumani, ilhali Wabena wengine walikwenda kuushambulia misheni wa Yakobi. Mwaka 2010 James Giblin na Monson walikusanya tafiti za namna hiyo kitabu kizima. Sisi bado tunanakili aya ya 1968. Mhakiki anayejua Ferdinand de Saussure alisema nini lakini hajui kama Kinjeketile alikufa mwanzo au mwisho wa vita, jamani, tumwiteje?

Nimesema nitarudi nyumbani, na kwa kweli nisingethubutu kuandika kwa ukali huu kama jambo lenyewe lisingenigusa mimi.

Likizo iliyopita baba mdogo aliniita. Wote mnaoijua Kyela mnajua mvua zetu. Machi hadi Mei maji yanaingia mpaka ndani ya nyumba, na mito inahama. Kipande cha shamba la mpunga, kilichokuwa ng'ambo ya mto zamani, sasa kiko upande wetu, na ukoo mwingine unasema ni chao. Shauri limepelekwa baraza la kata. “Wewe ndiye msomi wetu,” akasema baba mdogo, “tuandikie historia. Uonyeshe kuwa sisi tulikuwapo pale kabla ya wote.” Nikasema, “Ndaga, tata, nitaandika.” Ungesema nini? Ada yangu ya mwaka wa kwanza, nusu yake ilitoka kwenye mpunga wake.

Nikaandika. Nakiri kwamba rasimu ya kwanza ilikuwa nzuri sana kifasihi. Ilianza na “tangu enzi na enzi”. Nilikuwa na nakala ya Good Company ya Monica Wilson, iliyotoka mwaka 1951 kutokana na utafiti alioufanya na mumewe Godfrey kwetu kati ya 1934 na 1938, nikachomoa humo habari za vijiji vya rika, jinsi vijana Wanyakyusa walivyohama kwa wazazi wakajenga pamoja, nikaipachika kama kithibitisho kwamba babu zetu walijenga pale. Kitabu kina heshima duniani, nani wa baraza angebisha? Ila nilikuwa nimesoma pia kwamba Simon Charsley mwaka 1969 na Michael McKenny mwaka 1973 walikwishauliza kama picha ile ya vijiji vya rika ni ya mambo yalivyokuwa, au ni ya namna wazee walivyopenda yaonekane. Na zaidi ya hapo, kitabu hakisemi lolote juu ya kipande kile cha ardhi. Nilikuwa nafanya palepale lile ninalowalaumu wenzangu: kupachika aya.

Nikaanza upya, kwa maswali. Baba mdogo alikuwa na mashahidi watatu, wazee wa heshima, na wote walisema jambo moja, karibu kwa maneno yaleyale. Kwa kawaida tungesema mashahidi watatu, kesi imekwisha. Nikamwuliza kila mmoja, kwa adabu, baada ya shikamoo na habari ndefu za mvua na za kakao, “Babu, hayo uliyaona au uliambiwa?” Wa kwanza aliambiwa. Wa pili aliambiwa. Wa tatu alikasirika kidogo, kisha akasema aliambiwa. Na aliyewaambia wote watatu alikuwa mtu mmoja, marehemu kaka wa babu yangu, ambaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kudai kipande kile. Wazee watatu walikuwa shahidi mmoja.

Shahidi aliyeona yupo. Ni bibi mmoja, ameolewa kwenye ukoo ule mwingine, mzee kuliko hao wote watatu. Hakuitwa na upande wowote. Upande wetu haukumwita kwa kuwa ni wa kwao, na upande wao haukumwita kwa kuwa ni mwanamke, tena mambo ya mipaka eti si ya wanawake. Nilimkuta anaanika mpunga. Akaniambia kuwa alipoletwa pale akiwa bi harusi, kipande hicho kilikuwa malisho, ng'ombe wa pande zote walikula hapo, wala hakuna aliyelima mpaka mto ulipohama. Nilimwuliza ni mwaka gani. Hajui mwaka, lakini anajua alikuwa na mimba ya mtoto wake wa pili, na mtoto huyo ana cheti cha ubatizo. Hapo nikakumbuka Sunseri na wanawake wa Uzaramo. Kaacha jembe, kaniletea cheti, tarehe ikapatikana.

Niliandika ukurasa mmoja. Nikaeleza nani alisema nini, yupi aliona na yupi alisikia, na wapi ushahidi unakwisha. Hakuna “enzi na enzi” ndani yake. Baba mdogo aliusoma mara mbili akiwa amesimama, akaukunja, akautia mfukoni. “Kumbe shule imekufundisha kuwashuhudia watu wengine,” akasema. Mama alijaribu kutusuluhisha kwa chai, ikanyweka kimya kimya.

Sijui kama ukurasa ule ulifika barazani. Shauri limeahirishwa mara mbili, mara ya pili kwa sababu barabara ilikuwa chini ya maji na wajumbe hawakuweza kufika. Baba mdogo ananipigia simu Jumapili kama zamani, anaulizia afya, haulizii masomo. Yule bibi amenitumia salamu kupitia kwa mjukuu wake anayesoma Mbeya, kwamba amekumbuka mambo mengine ya zamani ya Itungi, kabla bandari haijawa kubwa, na kwamba nikija Desemba nije na daftari lingine kwa sababu lile nililokuja nalo lilikuwa dogo.